Ruzuku ya Joto katika Mtaa wa Ngazi

Zamani hizi si za kale, maana wahusika wake wengi bado wanalipwa posho. Palikuwa na nchi iliyokuwa na kila kitu isipokuwa jina. Jina lilikuwa bado kwenye kamati, na kamati ilikuwa ng'ambo, ikijifunza jinsi nchi nyingine zilivyopata majina yao. Mji mkuu wa nchi hiyo uliitwa Mwinuko. Ni mji wa vilima juu ya vilima, nyumba zimepandana kama vyombo kabatini, na ukimwaga maji ya ukoko uani kwako yanaangukia paa la mtu. Baridi yake wageni huisifia mikutanoni, kisha hurudi hotelini kuomba blanketi la pili.

Katika mji huo, Mtaa wa Ngazi, aliishi mwanamke jina lake Teodosia, mke wa Kalisti, fundi saa aliyestaafu. Asije mtu akasema Teodosia alikuwa na wivu. Alikuwa mwanamke mwema, mkarimu, mpenda watu, na mambo yote ya jirani zake aliyajua kwa sababu ya kuwatakia heri tu.

Heshima yake ilitoka mafigani. Tangu enzi za mama mkwe wake, moto wa nyumba ile haukuwahi kuzimika. Ulifukiwa kwenye majivu watu wakienda kulala, ukafukuliwa alfajiri, na mtaa mzima ukaja na vigae kuomba kaa la kuwashia. Ndiyo desturi ya Mwinuko: kila mtaa una nyumba moja inayolaza moto. Unabisha hodi, unasema "naomba moto," unatiliwa kaa kwenye kigae chako, unaondoka. Hunyimwi, wala hushukuru, maana moto hauna shukrani.

Na mtu akitaka kuvunja ujirani, hagombani wala hatukani. Anakwenda na kigae chake, anakifunika kifudifudi kwenye kizingiti cha mwenye moto, anajiendea zake. Maana yake ni kwamba kwako siombi tena. Dawa yake ni moja tu: mwenye moto akitie kigae hicho kaa la mafigani pake, akipeleke mwenyewe kwa aliyekifunika kabla jua halijatoka. Jua likishatoka, basi. Teodosia aliyajua haya kwa kuhadithiwa na mama mkwe. Tangu aolewe hakuwahi kuona kigae kilichofunikwa.

Aliyekuja wa kwanza kila alfajiri alikuwa Belina, mjane wa nyumba ya juu yake. Yeye na Teodosia waliletwa mtaani mwaka mmoja, wote maharusi, wote wametoka bondeni kwenye joto, wakalia baridi pamoja mpaka wakaizoea. Belina akishatiliwa kaa lake haondoki. Anaketi, wanawasema watu kidogo, kaa linapoa, inabidi atiliwe jingine. Kigae chake kilikuwa na pengo ukingoni, na Teodosia angeweza kukitambua gizani kwa kidole.

*

Siku moja Mheshimiwa Waziri wa Joto, Dari na Milango alilihutubia taifa redioni.

"Ndugu wananchi," alisema, "wataalamu wetu wamebaini, baada ya safari nyingi, kwamba joto la nyumba zenu ni mali ya taifa. Hata hivyo, joto hilo linatoroka. Linapita kwenye nyufa, linapita chini ya milango, linatoka nje bila pasi ya kusafiria, na huko nje linawanufaisha ndege ambao hawalipi kodi. Serikali yenu sikivu haiwezi kulifumbia macho jambo hili."

Kwa hiyo, alieleza, kutakuwa na ruzuku. Nyumba itakayochaguliwa itawekewa sufi darini, madirisha ya vioo viwili viwili, mlango uliozungushiwa mpira na jiko banifu la kisasa. Mwananchi hatachangia chochote isipokuwa furaha. Wakaguzi wa Joto watapita kila mtaa kuzitafuta nyumba zenye baridi kali kuliko zote.

Habari zikafika Mtaa wa Ngazi kwamba Mkaguzi atakuja Jumanne. Teodosia aliposikia akajifunga kibwebwe.

"Mgeni wa serikali hawezi kuja nyumbani kwangu akatetemeka," alisema. "Watu watasemaje?"

"Lakini si anakuja kuona kama tuna baridi?" aliuliza Kalisti.

"Ataiona akishashiba."

Jumanne hiyo alikoka moto tangu alfajiri, na huo haukuwa moto wa kupikia bali wa harusi. Aliziba nyufa za madirisha kwa matambara, akatandika mkeka mpya, akamwita Belina aje amsaidie. Belina, kama ilivyo ada kwa shoga wa kweli, aliacha yake yote. Hakuwasha moto kwake, mlango aliuegesha tu, akashinda jikoni kwa Teodosia akimenya ndizi.

Mkaguzi aliitwa Bwana Protasi. Alikuja amevaa suti na kofia ya sufu, na kipimajoto kirefu kilichofungwa utepe wa rangi za taifa. Alipoingia tu miwani yake ikafanya ukungu. Akavua kofia, akavua koti, mwisho akavua na tai. Akala ndizi kwa nyama, akaongezwa, akakataa, akaongezwa tena. Ndipo alipokiinua kipimajoto, kikapanda huku wote wakikitazama kwa adabu.

"Hongera sana, mama yangu," alisema huku akijifuta jasho. "Nyumba hii ina joto kuliko ofisi ya Waziri. Haihitaji kitu."

Kisha akapanda ngazi kwenda nyumba ya juu. Hakukuta mtu. Alimkuta paka amejikunyata juu ya mafiga yaliyopoa, akimtazama kama mwombaji. Kipimajoto kilishuka mpaka Bwana Protasi akadhani kimeharibika, akakitikisa, kikazidi kushuka. Papo hapo akabandika alama ya kijani mlangoni.

Belina alipata habari zake akiwa bado ameshika kisu cha kumenyea ndizi, jikoni kwa Teodosia.

"Mimi?" alisema. "Mimi sikuwepo hata nyumbani."

"Hongera, shoga," alisema Teodosia. Neno lilitoka, lakini halikutoka lote.

*

Mafundi wakaja. Sufi ilipanda ngazi kwa magunia, vioo vikapanda, mlango ukapanda ukiwa umebebwa na watu wanne, wakipumzika kila hatua kwa mujibu wa taratibu za kazi. Mafiga ya Belina yalitolewa nje na kuvunjwa kwa nyundo katika hafla fupi, kwa kuwa sharti la ruzuku ni kwamba nyumba ya kisasa isiwe na moto wa kizamani. Mahali pake likawekwa jiko banifu, linalokula mkaa mbadala wa Wizara na hakuna mwingine. Jiko hilo lilisifiwa sana kwa kuwa halina uchoyo wala ubadhirifu: hula kila linachopewa mpaka mwisho, likabakiza jivu jeupe laini, bila kaa hata moja.

Mwisho kikaja kibao. Teodosia alidhani kitaelekezwa njiani, wapita njia wakisome. Mafundi walipima, wakashauriana, wakakigeuza, wakakipigilia misumari kwenye ukuta wa Belina kikitazama dirisha la jikoni kwa Teodosia. Kilisema hivi: NYUMBA HII INA JOTO KWA HISANI YA SERIKALI.

Tangu siku hiyo, kila Teodosia alipoinama kupuliza moto alisoma serikali, na kila alipoinuka alisoma hisani. Chakula kikaanza kuungua, si kwa uzembe bali kwa kusoma.

Na kilichomuuma zaidi ni kumwona Belina uani. Yule Belina wa kujifunika blanketi mpaka pua, sasa anaanika nguo asubuhi ya ukungu na kanga moja tu mabegani. Na kanga yenyewe imeandikwa NIMEPEWA SIKUOMBA.

"Unaona?" Teodosia alimwambia mumewe. "Unaisoma ile?"

"Si ndiyo uliyomnunulia wewe, mwaka ule wa msiba wake?"

Kweli, yeye ndiye aliyeinunua, na aliichagua mwenyewe dukani kwa ajili ya maneno yake. Lakini wivu hauna kumbukumbu. Ah, nimesema wivu; tuseme uchungu wa ujirani.

Alfajiri ya kwanza alimtengea Belina kaa zuri, kubwa, pembeni mwa mafiga. Belina hakuja, na kaa likawa jivu. Alfajiri ya pili alitenga dogo zaidi. Baadaye hakutenga tena, ila sikio lilibaki mlangoni.

Hatimaye alijikaza akapanda mwenyewe, amechukua kikombe cha unga kama kisingizio. Alisimama mbele ya mlango ule wa mpira.

"Hodi hapa."

Kimya.

"Hodi, wenyewe."

Alisogea dirishani. Kupitia vioo viwili alimwona Belina ameketi peke yake anasuka ukili. Hakugeuza hata shingo. Teodosia akabisha tena, kisha akashuka na unga wake.

"Amenisikia, akaninyamazia," alimwambia Kalisti. "Mtu niliyempa moto miaka yote hii."

"Labda hakusikia."

"Nimebisha mpaka mbwa wa kilima cha pili wamenijibu."

Kalisti akarudi kwenye saa aliyokuwa anaifungua. Ilikuwa saa ya Belina, lakini hakuona haja ya kulisema hilo.

Majirani wengine nao walikuwa wameanza kukutana kwenye ngazi kumjadili Belina na vioo vyake. Waliuliza ana nini yeye. Waliuliza ametoa nini, kampa nani. Walijadili kwa bidii mpaka wakavua masweta yao wakayaning'iniza kwenye ukuta, na hakuna aliyelishangaa jambo hilo.

*

"Kama serikali inataka baridi," alisema Teodosia, "itaipata."

Alimvizia Bwana Protasi anapita na kipimajoto chake, akamwomba ukaguzi wa marudio. Bwana Protasi alikubali kwa moyo mkunjufu uliomtia Teodosia wasiwasi kidogo. Alimwambia tu ahakikishe siku hiyo nyumba iwe katika hali yake halisi.

Siku ya ukaguzi Teodosia alifungua madirisha yote. Matambara aliyazibua kwenye nyufa. Mlango aliung'oa kwenye bawaba, akauegemeza nje. Kisha akachukua ndoo, akasimama mbele ya mafiga ya mama mkwe wake. Alikiona kile kibao dirishani, akamwaga maji.

Moto ule, ambao haukuwa umezimwa na mtu yeyote hai, ulilia kwa sauti iliyomtoa Kalisti chumbani.

"Umefanya nini?"

"Nimeomba ruzuku."

"Mama alipokuwa anakata roho aliuliza neno moja tu," alisema Kalisti taratibu. "Aliuliza, moto upo?"

"Mama hakuwa na jirani mwenye vioo viwili."

Wakaketi wamevaa makoti, upepo unapita katikati yao, wakimsubiri mtaalamu. Bwana Protasi aliingia bila kubisha kwa kuwa hapakuwa na mlango wa kubisha. Alitazama majivu yaliyolowa, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akainua kipimajoto.

Kikaanza kupanda.

"Haiwezekani," alisema Teodosia.

"Yule jirani wa juu hajambo, mama?"

"Yule? Nitajuaje mimi hali yake? Siku hizi anaongea na watu? Mtu amewekewa sufi darini amekuwa malkia. Anavaa kanga za mafumbo. Halafu alichaguliwa kwa lipi? Kwa kuwa hakuwepo! Angekuwa kwake akipika kama mimi, angepewa? Ndizi zangu mwenyewe ndizo zilizompa vile vioo."

Teodosia alipokuwa anasema, Kalisti alifungua vifungo vya koti, kisha vya shati. Madirisha yalikuwa wazi na nje ukungu umetanda, lakini jasho lilimtiririka. Kipimajoto kilifika juu kabisa, kikagonga kizibo.

"Vizuri sana," alisema Bwana Protasi akivua kofia. "Ndivyo tulivyotarajia."

Na kwa kuwa alikuwa mtu mwenye kupenda kazi yake, akaeleza. Fedha za mpango zilikuwa nyingi mwanzoni, lakini wataalamu walihitaji kusafiri. Walipomaliza kusafiri ikaonekana sufi inatosha nyumba moja kwa kila mtaa. Hapo ndipo wataalamu hao hao, katika hoteli moja ng'ambo, walipogundua jambo la ajabu: nyumba moja ikipewa, nyumba zote zinazoiona hupata joto zenyewe.

"Kuni huisha, mama yangu," alisema, na sauti ikaanza kupanda kana kwamba yuko jukwaani. "Jua huzama. Maji ya bwawa hukauka. Lakini wivu haujawahi kuisha hata siku moja tangu dunia iumbwe. Wizara inauita nishati jadidifu. Wewe peke yako unaipasha nyumba yako na ya chini yako. Taifa linakupongeza."

"Na kile kibao?"

"Vibao vyote huwekwa vikimtazama jirani. Hayo ni maelekezo ya kitaalamu."

Teodosia aliona aibu. Aibu nayo ina joto lake, lakini Bwana Protasi hakuipima, kwa sababu haikuwa kwenye bajeti.

*

Kesho yake alfajiri mlango ulikuwa umesharudishwa kwenye bawaba zake, ule wa zamani wa mbao uliopasuka katikati. Teodosia alikuwa macho. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe hakuwa na moto wa kufukua, na mikono haikujua pa kwenda.

"Hodi."

Sauti aliitambua kabla neno halijakwisha. Alifungua. Belina alikuwa kizingitini, kanga moja mabegani, midomo inatetemeka, amekishika kile kigae chenye pengo kwa mikono miwili.

"Naomba moto," alisema.

Teodosia alimtazama. "Wewe? Na jiko lako?"

"Mkaa wao uliisha zamani, shoga. Lori lao hupanda kilima siku Waziri anapokuja kupigwa picha, na tangu ile siku hajaja. Ile nyumba inazuia joto lisitoke, sikatai. Lakini joto lenyewe halimo. Baridi iliingia siku moja nilipofungua mlango, sasa haina pa kutokea."

"Blanketi lako je?"

"Nilimpa mdogo wangu. Waziri si alisema sitalihitaji tena."

"Kwa nini hukuja siku zote hizi?"

"Ningekujaje?" Belina aliinamisha macho. "Nilipokuja kuinua macho nilikuona umesimama dirishani kwangu. Nikasema huyo shoga amekuja. Ninainuka, ninafika mlangoni, umeshanipa kisogo unashuka. Nikajua umeshaniona na kunichoka."

"Nilibisha, Belina. Nilibisha mpaka koo likakauka."

"Ule mlango hauingizi sauti. Naishi mle kama niko kisimani."

Wakatazamana. Teodosia akaona huruma inampanda, huruma ya kweli, na papo hapo baridi ikamshika miguu, ikapanda mpaka magotini. Kalisti chumbani akasikika anatafuta sweta.

"Haya nitilie niende, nakufa," alisema Belina.

Ikabidi Teodosia aseme neno ambalo halikuwahi kusemwa kwenye nyumba ile.

"Sina moto."

Belina akacheka, akidhani ni utani. Kisha akachungulia akayaona mafiga meusi na majivu yaliyoganda. Hakuuliza. Alijua maji yalimwagwa na nani na kwa ajili gani, maana dirisha lilikuwa palepale na kibao kilikuwa palepale.

"Twende," alisema.

Waliteremka ngazi wawili na kigae kimoja, wakavuka bonde, wakapanda kilima cha pili, wakaomba moto kwa watu wasiowajua kama wasichana wa jana. Walirudi wakipuliza kaa kwa zamu. Huyu akichoka kupumua kwa mlima yule alipuliza, na walipofika juu lilikuwa limebaki dogo kama punje ya hindi, lakini jekundu. Likashika. Mafiga ya mama mkwe yakatoa moshi, kisha mwale. Kalisti alikuja akasimama mlangoni, akautazama, akaondoka haraka akifuta miwani.

Wale wawili wakaketi. Wakawasema watu kidogo. Kaa la Belina likapoa kwenye kigae, ikabidi atiliwe jingine. Teodosia akapeleka macho dirishani akakisoma kile kibao kutoka mwanzo hadi mwisho, kisimuume. Majirani waliposikia hodi zinabishwa tena, nao wakaja na vigae vyao, mmoja mmoja, wamevaa masweta.

*

Wizarani kukawa na taharuki. Joto la Mtaa wa Ngazi lilikuwa limeporomoka. Kikaitwa kikao cha dharura, kikalipwa posho ya dharura, na Bwana Protasi akatumwa kuutafuta ufa.

Aliupata mara moja. Aliwakuta Teodosia na Belina wameketi mafigani wanagawana kiazi.

"Ndilo tatizo hili," alisema kwa masikitiko. "Upatano. Mmepatana bila kibali."

Lakini Serikali haikosi suluhisho. Bwana Protasi alijinyoosha, akakohoa, akatangaza kwamba kwa heshima na taadhima, ruzuku ya awamu ya pili katika mtaa huu imekwenda kwa Mama Teodosia. Sufi darini, vioo viwili viwili, mlango wa mpira, jiko banifu. Mafiga yatavunjwa kwa hafla fupi. Na kibao kitapigiliwa kwenye ukingo wa ukuta wa ua wake, kikitazama juu.

"Kibao kipya?" aliuliza Teodosia. Aliuliza tu, kujua.

"Hiki hiki cha Bi. Belina tutakihamisha. Serikali haina vibao vingi."

Belina alikiweka kiazi chini. "Usikubali, shoga," alisema. "Lile jiko halina makaa, na mkaa wake hauji. Mimi nimekaa mle, nakwambia. Wewe una moto. Wewe huhitaji kitu kile."

Maneno hayo yalikuwa ya kweli, yote, tangu la kwanza hadi la mwisho. Lakini Teodosia aliyasikia kwa sikio jingine. Wivu wake ulikuwa umelala, haukuwa umekufa, nao uliamka ukaketi. Mbona yeye alipopewa hakukataa? Mbona sikumwambia usikubali? Anataka kibao kibaki kwake. Anataka mimi niendelee kupuliza moshi, yeye aje kuchukua kaa na kurudi kwenye vioo vyake. Wewe huhitaji. Nani amempa kazi ya kunipimia?

"Mama watoto," alisema Kalisti kutoka mlangoni, "fikiri kwanza."

"Nimefikiri mwaka mzima," alisema Teodosia. "Nakubali."

Belina aliinuka, akajifunga kanga vizuri, akakichukua kigae chake.

"Hongera, shoga," alisema.

Neno halikutoka lote. Teodosia alilitambua, maana yeye ndiye aliyelianza. Na Mungu amsamehe, lilimpendeza. Bwana Protasi alikigeuza kipimajoto kuelekea alikosimama Belina, akakitazama kinavyopanda, akatabasamu kama mkulima aonaye mvua.

*

Hafla ilikuwa fupi kweli. Nyundo ilipiga, watu wakapiga makofi, mafiga yakawa kokoto. Kalisti hakuhudhuria, alisema ana saa ya kutengeneza. Mlango ule wa mbao uliopasuka ulichukuliwa na mafundi kwa matumizi ya ofisi. Wizara ilitoa mkaa mbadala wa kuanzia, na jioni ile Teodosia akaliwasha jiko banifu, akaketi kwenye joto bila moshi, akakitazama kibao kwa nyuma kupitia vioo viwili. Kwa nyuma hakikuwa na maandishi. Hakujali, maana aliyepaswa kukisoma alikuwa juu.

Alilala fofofo, na alfajiri mwili ukamwamsha wenyewe, kwa mazoea. Palikuwa kimya. Hakuna hodi. Alilala akiufurahia ukimya huo. Wanaona wivu, alijiambia, na akajigeuza upande wa pili.

Kisha akaukumbuka mlango.

Aliinuka, akauvuta. Mpira ulikoroma, baridi ikaingia, na mbali juu ya kilima cha pili anga lilikuwa limeanza kuwa jeupe. Hapakuwa na mtu kwenye ngazi. Kizingitini, mbele ya miguu yake, palikuwa na kigae kimefunikwa kifudifudi. Alipitisha kidole ukingoni akalikuta pengo.

Labda Belina alibisha kwanza. Labda alibisha sana, kama yeye alivyobisha siku ile, kisha akangoja, kisha akainama. Labda hakubisha kabisa. Mlango mzuri hausemi.

Aliinua kichwa, akaitazama nyumba ya juu. Jua halikuwa limetoka bado. Alikumbuka dawa aliyoambiwa na mama mkwe, akakishika kigae kwa mikono miwili, akakimbilia ndani, akapiga magoti mbele ya jiko banifu na kulifungua. Jiko lilikuwa limekula kila kitu, kama lilivyosifiwa. Akaingiza mkono mzima akapekua jivu jeupe kwa vidole, mpaka chini kabisa, mpaka pembeni. Halikumchoma.